Asumpta Haule na Picha Ishirini na Sita za Bi Odessa

Wasikilizaji wapendwa, ni saa nane na dakika tano mchana wa Jumapili hapa Toronto. Nje theluji imechoka, imegeuka tope. Mimi ni Khalfan. Kama uko nyumbani, weka chai karibu. Kama unaendesha gari kurudi Markham, endesha taratibu, leo sina haraka.

Leo tunamkumbuka Asumpta Haule. Asumpta Haule wa Mount Dennis, mke wa Januari, mama wa Gift. Alifariki tarehe tatu mwezi huu, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Wengi wenu mlimwona bila kumjua. Kama uliwahi kuingia maktaba ya mtaa kule Mount Dennis mwezi wa pili, ukakuta picha za zamani za Wamarekani Weusi zinaning'inia kutoka darini, ukazizunguka, ukasoma nyuma yake, basi umewahi kuingia kwenye kazi ya mikono yake.

Nitawaambia onyesho lile lilianzaje. Na nitawaambia jinsi Asumpta alivyokaribia kumpoteza rafiki yake mkubwa kwa sababu ya kalamu ya wino. Mimi nilikuwepo. Kazi yangu ilikuwa kubeba vitu, kwa hiyo niliona mengi na sikushauriwa lolote.

Asumpta alizaliwa Songea. Huko alikuwa mkutubi wa chuo cha ualimu, mkutubi wa kweli, mwenye cheti na funguo. Alifika hapa mwaka 1991 na Januari. Vyeti vyake wakavitazama, wakavirudisha. Miaka mitatu baadaye akapata kazi ya kupanga vitabu kwenye rafu. Kupanga tu. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa. Nilimuuliza siku moja kama haikumuuma. Akasema, "Iliniuma mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nikaanza kuvipanga ninavyotaka mimi."

Na hapo ndipo alipokutana na Bi Odessa.

Bi Odessa Tolliver, wasikilizaji wapendwa, ni Mmarekani Mweusi. Alizaliwa Alabama, akalelewa Detroit, akaja Toronto mwaka 1968 kumfuata mume. Kila Jumanne asubuhi alikuwa anakuja maktaba kuchukua riwaya za upelelezi, zile za maandishi makubwa. Jumanne moja akasimama mbele ya rafu, akauliza kwa sauti, "Nani amepanga hivi?" Asumpta akasema ni yeye. Bi Odessa akasema, "Basi panga tena." Asumpta akapanga tena. Jumanne iliyofuata Bi Odessa akakagua, akaitikia kwa kichwa, akamwalika chai.

Urafiki wao ulianza hivyo, kwa kukosoana. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kila Jumanne Asumpta akitoka kazini alipita kwa Bi Odessa, nyumba ya tatu kutoka kona. Januari aliniambia wiki hii, "Mimi mwenyewe nilikuwa sipati chakula Jumanne mpaka jioni. Nilizoea. Nilijua amekwenda kwa dada yake." Ndivyo Asumpta alivyomwita: dada. Bi Odessa alimwita Asumpta, basi, Asumpta tu.

Sasa twende mwaka 2016, karibu na Krismasi. Mkuu wa maktaba aliwaomba wafanyakazi mawazo ya mwezi wa pili, mwezi wa historia ya watu weusi. Asumpta, ambaye kwa kawaida hakuulizwa kitu, akanyoosha mkono. Akasema, "Kila mwaka tunabandika watu walewale maarufu ukutani. Watu wale nawaheshimu. Lakini nani alipika? Nani alinyoa nywele? Nani alishona mapazia ya kanisa?" Wakamwambia haya, onyesho ni lako.

Akatukusanya. Akamchukua Cherono, muuguzi wa Kericho, wengi mnamfahamu. Akamchukua Mzee Amirali wa Unionville, mzaliwa wa Moshi, aliyekuwa na duka la fremu za picha kabla hajastaafu. Akanichukua mimi kwa sababu nina gari kubwa. Sitaficha: watu wetu wengine walimsema. Kwa nini unahangaika na Wamarekani, historia yetu imekwisha? Mimi nilikuwa mmoja wao, nikisema hivyo huku nabeba mbao. Asumpta akanijibu, "Khalfan, nimekunywa chai ya huyu mama miaka ishirini na miwili. Unataka nimwambie historia yake hainihusu?" Nikaendelea kubeba.

Picha zilikuwa za Bi Odessa. Ishirini na sita. Alikuwa nazo ndani ya sanduku la kofia, na hakuwahi kumwazima mtu, hata wanawe. Baba yake mbele ya duka la kinyozi. Shangazi zake wanne wamekaa juu ya shuka la viraka walilolishona wenyewe. Kwaya ya kanisa Detroit, wote wamefumba macho isipokuwa mmoja. Kaka yake Lemuel, kijana mwembamba wa sare ya jeshi, aliyekwenda Korea asirudi. Picha halisi, za karatasi nzito, kingo zimekatwa kama meno. Bi Odessa alimpa Asumpta lile sanduku kwa mikono miwili. Akamwambia, "Hizi ndizo nilizonazo."

Jumanne hadi Jumanne, Bi Odessa alisimulia picha moja moja, Asumpta akasikiliza. Na akirudi nyumbani, akikaa mezani, alifanya kile ambacho mama yangu alifanya, na mama yako alifanya. Aligeuza picha. Akachukua kalamu ya wino. Akaandika nyuma.

Mnacheka. Mnajua. Nani kati yetu hana nyumbani picha iliyoandikwa nyuma: ukumbusho, mimi na shoga yangu Tabora, mwaka fulani, gauni nililoazima? Kwetu picha isiyoandikwa nyuma haijakamilika. Asumpta aliandika zote ishirini na sita. Kwa Kiswahili, kwa wino wa buluu, mwandiko wake ule wa kulala. Hakufikiri mara mbili. Mkutubi wa miaka yote hiyo, aliyekuwa akigombeza watoto kwa kukunja kurasa, hakufikiri mara mbili.

Aliyeona kwanza ni Cherono. Jumatatu, siku tano kabla ya kufungua, tulikuwa chumba cha nyuma cha maktaba tukipanga picha mezani. Cherono akageuza moja. Akageuza ya pili. Akasema, "Asumpta, hizi si ni original? Umeandika na biro?"

Niliona uso wa Asumpta ukishuka. Na kabla hajajibu mlango ukafunguka, Bi Odessa akaingia, alikuwa amekuja kuona tumefika wapi.

Bi Odessa alichukua picha ya Lemuel. Akaitazama mbele. Akaigeuza. Kalamu ilikuwa imekandamiza karatasi, ukiishika kwenye mwanga uliona alama zinapita begani kwa kijana. Hakupiga kelele. Alikusanya picha zote, moja moja, akazirudisha kwenye sanduku, akafunga kifuniko. Akasema kwa Kiingereza, nami nawatafsiria, "Huyu alikuwa ametulia miaka sitini na sita mpaka ulipomshika wewe." Akatoka.

Nasema tena kwa mliofungua redio sasa hivi. Tunamkumbuka Asumpta Haule wa Mount Dennis. Mwaka 2017 aliandaa onyesho la picha za rafiki yake Odessa. Aliandika nyuma ya picha kwa kalamu. Rafiki akachukua picha zake, akaondoka.

Tukabaki na meza tupu. Cherono akasema tuahirishe. Mzee Amirali akasema tuchapishe picha za mtandaoni. Asumpta hakutusikiliza. Alisema, "Onyesho naweza kuliacha. Odessa siwezi." Akaanza kuvaa koti. Halafu akageuka, akatuambia, "Twendeni."

Hapa ndipo tulipoharibu zaidi, na hili tulilifanya wote.

Ninyi mnajua kwetu inavyokuwa. Ukimkosea mtu mzito, huendi peke yako. Ukienda peke yako unaonekana unafanya mchezo. Unatafuta watu wazima wa kukusindikiza, mmoja anakusemea, wewe unainamisha kichwa. Unabeba chochote. Basi tukapita dukani. Tukanunua sukari kilo mbili na majani ya chai. Asumpta akapita nyumbani akachukua doti ya khanga mpya. Saa kumi jioni tukapanga mstari kwenye ngazi za Bi Odessa: Asumpta, Cherono, Mzee Amirali na kofia yake ya manyoya, na mimi nyuma na mfuko wa sukari. Mzee Amirali ndiye angesema. Alikuwa amekwishasafisha koo mara tatu ndani ya gari.

Bi Odessa alifungua mlango nusu. Akatutazama mmoja mmoja. Baadaye alisema mwanzoni alidhani sisi ni wale wanaogonga milango na vijitabu vya dini. Kisha akamwona Asumpta katikati yetu. Mzee Amirali akaanza, "Mama, sisi tumekuja kwa heshima kubwa..." Bi Odessa akamwinulia kidole. Akamwambia Asumpta, "Nimekukasirikia wewe. Na wewe umeniletea jeshi mlangoni?" Akafunga.

Alidhani tumekuja kumshinikiza atoe sanduku, wasikilizaji wapendwa. Sisi tulikuwa tunajishusha. Yeye aliona tumemzingira. Tukabaki kwenye ngazi, theluji inatuangukia, hakuna anayemtazama mwenzake. Sukari akaichukua Mzee Amirali, ambaye ana kisukari.

Gift alinisimulia jioni ile ilivyokuwa nyumbani. Gift alikuwa na miaka ishirini na tatu. Ni mtoto wa hapa, anaelewa kila neno la Kiswahili na anakujibu kwa Kiingereza. Anasema mama yake alikaa mezani ameshika tama, hakula. Gift akamwambia, "Mum, ungeenda peke yako. Huku watu wanaomba msamaha one on one." Asumpta akamjibu, "Nikiwa peke yangu nani atashuhudia kwamba nimeomba?" Mnaelewa alivyokuwa. Kwake radhi ilikuwa kitu cha kuombwa kwa mdomo, na kutolewa kwa mdomo, na watu wakasikia.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Asumpta alikwenda kazini. Saa nne na nusu alikuwa anapanga riwaya za upelelezi, na Bi Odessa akasimama pembeni yake na sanduku la kofia mikononi. Hakusalimia. Alisema, "Soma."

Kwa sababu usiku kucha lilikuwa limemkera jambo moja. Nyuma ya watu wake kulikuwa na maneno, na yeye hakujua yanasema nini.

Wakakaa kwenye viti vya watoto, ndivyo vilivyokuwa karibu. Asumpta akatoa picha ya kwanza, akasoma kwa Kiswahili, kisha akatafsiri. Nina maneno hayo hapa, nilipewa na Gift. Nyuma ya picha ya Lemuel ameandika hivi: "Kaka Lemuel, mwaka 1950. Alipenda samaki wa kukaanga na hakupenda kuamshwa. Aliaga kwa utani, kwa hiyo hawakumuaga vizuri. Dada yake Odessa alikuwa na miaka kumi na mitano, hasemi sana juu yake, akisema anatazama dirishani."

Bi Odessa akasema, "Sikukuambia hayo ya dirishani."

Asumpta akasema, "Niliona."

Wakaendelea. Shangazi wanne: "Huyu wa kushoto alishona kwa mkono wa kushoto, wenzake wakamcheka, lakini viraka vyake ndivyo havikufumuka." Kwaya: "Aliyefumbua macho ni mama yake Odessa, alikuwa anahesabu kama wanawe wote wamekuja." Picha ya kumi na tisa ilikuwa ya mwanamke wa kofia nyeupe ambaye hakuna aliyemjua. Asumpta alikuwa ameandika maneno manne tu: "Jina halijulikani. Wa kwetu." Bi Odessa akauliza, wa kwetu, yaani wa kwenu au wa kwangu? Asumpta akapata kigugumizi. Alisema, "Sikufikiri. Niliandika tu."

Walimaliza saa tisa mchana. Mkuu wa maktaba aliwaona na akaamua hajawaona. Asumpta akasema, "Dada, nisamehe." Na Bi Odessa, wasikilizaji wapendwa, hakujibu hilo. Alisema, "Mwambie yule mzee wa kofia afanye fremu zinazoonyesha pande zote mbili. Zikining'inizwa ukutani nitakuja kuzitoa mwenyewe." Akamwachia sanduku, akaenda zake.

Mzee Amirali alikuwa na siku tatu. Vioo viwili kwa kila picha, kimoja mbele, kimoja nyuma, fremu ishirini na sita. Alifungua tena karakana aliyoifunga miaka minne. Mkewe Mariambai alisafisha vioo kwa siki na gazeti mpaka vidole vikapauka. Januari alichukua likizo akakata mbao. Mimi nilipanda ngazi nikafunga uzi wa kuvulia samaki darini, na mpaka leo shingo hii ya upande wa kulia haijanisamehe.

Jumamosi tukafungua. Watu walitembea katikati ya picha. Walitazama uso, wakazunguka, wakakuta mwandiko wa buluu, wakashindwa kusoma. Wakaanza kuuliza: hii inasema nini? Gift alikuwa amesimama karibu. Akasoma moja. Akaombwa nyingine. Akasoma mpaka wakafunga maktaba, sauti imemkauka. Mwaka uliofuata watoto wengine wa kwetu wakaja kusoma, wale wanaojibu kwa Kiingereza. Onyesho likawa la kila mwezi wa pili. Familia nyingine za Wamarekani Weusi wakaleta picha zao, na wakataka ziandikwe nyuma. Ndiyo. Wao wenyewe walitaka. Cherono akamnunulia Asumpta penseli laini, na wino ukapigwa marufuku.

Na Jumanne za chai zikarudi. Sanduku la kofia halikurudi kwa Bi Odessa. Lilikaa kwenye kabati la Asumpta mwaka mzima, kila mwaka, miaka minane.

Lakini neno lile la kusamehe halikusemwa. Asumpta hakulisahau. Alikuwa ananiuliza, tukiwa katikati ya mazungumzo mengine kabisa, "Khalfan, unadhani alinisamehe?" Nilikuwa namtania, namwambia uzee umekuingia. Mwezi uliopita nilimtembelea hospitali, figo zilikuwa zimemshinda, amevimba miguu, sauti ndogo. Akaniuliza tena. Nikamwambia muulize, anakuja kesho. Akasema, "Nilishaomba. Nikiomba tena nitakuwa kama namdai. Hilo ni lake kulitoa." Bi Odessa alikuja kesho yake, na keshokutwa. Alimsomea riwaya ya upelelezi. Hakulisema. Wiki moja baadaye Asumpta akafariki.

Misa ilikuwa Jumamosi iliyopita. Baada ya mazishi tulikwenda ukumbini, na mnajua utaratibu wetu: familia inasimama mbele, inatambulishwa. Aliyeongoza ni Kipchirchir, mume wa Cherono. Akamtambulisha Januari. Akamtambulisha Gift. Akamtambulisha shemeji aliyetoka Ottawa. Karatasi ikaisha. Halafu tukasikia viti vinasogezwa nyuma. Bi Odessa, miaka tisini, alikuwa anakuja mbele na fimbo yake, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Akafika, akasimama kwenye mstari, kati ya Januari na Gift. Kipchirchir akainama, akamuuliza kwa adabu, mama, tukutambulishe vipi?

Akachukua kipaza sauti. Akasema, "Mimi ni dada yake mkubwa. Aliniudhi sana mara moja, kama dada wanavyoudhiana. Yakaisha siku ileile."

Ukumbi mzima ulisikia. Watu mia na zaidi, mashahidi wa kutosha, kama Asumpta alivyotaka. Asumpta peke yake ndiye hakuwepo.

Nitasema kweli, nilikasirika. Wakati wa chakula nilimfuata Bi Odessa mezani. Nikamuuliza, kwa nini hukumwambia? Miaka minane alingoja. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema, "Nilimwachia watu wangu wote wakae nyumbani kwake. Alidhani hiyo ilikuwa nini?" Kisha akaniuliza, "Alikuwa anangoja?" Nikamwambia ndiyo, alikuwa anangoja. Akaweka uma chini. Hakula tena. Na hasira yangu yote ikaniishia pale pale, nikabaki nimemshika bega.

Kwako Januari, ndugu yangu, pole sana. Kwako Gift, pole, mama yako alikupenda kwa Kiswahili na ulimwelewa. Kwa Bi Odessa, ambaye najua kuna mtu amekaa pembeni yake sasa hivi anamtafsiria: pole, mama. Umefiwa na mdogo wako. Mungu ampokee Asumpta Haule na amweke mahali pa raha.

Wasikilizaji wapendwa, kipindi kimebakiwa na dakika kumi na mbili. Nilikuwa na matangazo, nimeyaweka kando. Nina hakika kati yenu yuko mtu ambaye alikwisha kusamehe zamani, na anadhani mwenzake anajua. Nitaweka muziki mtupu, wa gita, mrefu. Punguza sauti ya redio. Hutukosei heshima. Mpigie, umwambie kwa mdomo wako, akusikie.